Udhaifu wa Bandari Huanzia Daftarini

Tunapozungumzia usalama wa bandari za makontena, fikra hukimbilia ukuta, kamera na mlinzi mwenye bunduki. Wanafunzi wangu nao huorodhesha hayo hayo. Sisi watu wa Bukoba na Muleba, hata hivyo, tunao ushahidi mchungu unaotuelekeza kwingine: bandari ni dhaifu pale isipojua imepakia nini.

Mei 1996 MV Bukoba iling'oa nanga Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaelekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Tarehe 21, ikiwa karibu kufika, ikazama. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo tunawahesabu wafu wetu kwa makadirio. Hakuna adui aliyeruka ukuta wa Kemondo. Watu na mizigo walipita langoni.

Baharini nako somo hilo limekuja polepole. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa zinataka uzito wa kila kontena lenye shehena uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. Kontena ni sanduku lililofungwa. Anayelipanga juu ya mengine huamini karatasi. Karatasi ikidanganya, rundo huanguka, na anayekuwa chini yake ni kuli, si mwenye mali.

Lakini daftari peke yake halitoshi. Tarehe 4 Agosti 2020, takriban tani 2,750 za naitreti ya amonia, zilizowekwa ghalani tangu 2014, zililipuka katika bandari ya Beirut na kuua watu zaidi ya 200. Huko maofisa walijua na barua ziliandikwa. Hatari ikabaki palepale.

Kwa hiyo, anayetaka kupima udhaifu wa bandari zetu na aanze na maswali matatu. Je, tunajua kilichomo na uzito wake? Je, karani aliyeiona hatari ana mamlaka ya kusimamisha upakiaji, hata mwenye mzigo akiwa mkubwa? Na gati moja likifungwa, mzigo utapita wapi?

Swali la mwisho si la kinadharia. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilitikisa Bukoba na kuua watu. Bandari za Bukoba na Kemondo ziko ufuko mmoja, nazo hazipishani mbali. Balaa moja laweza kuzifunga zote, na hapo kahawa ya mkulima itategemea barabara ya Muleba kwenda Biharamulo.

Magati ya ziwani yanapokarabatiwa, tusiishie kupongeza zege. Tudai mizani inayofanya kazi, orodha inayokaguliwa kabla ya kamba kufunguliwa, na sheria inayomlinda mtumishi wa cheo cha chini anaposema meli hii haiondoki.