Jina la Korongo

Sisi tuliolelewa Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Manyoni, tuliyafahamu maji kwa ndoo. Kiangazi mama zetu walichimba mchanga wa mto mkavu, wakangoja kata ijae. Na kila kisima, hata kilichokauka, kilikuwa na jina lake.

Mwaka 2016 tulipanda mashua katika Mto Rufiji ili kulitazama korongo la Stiegler. Kuta za mawe zilisogeleana, mto ukabanwa, ukaenda kasi. Viboko walizama na kuibuka. Nahodha wetu, mzaliwa wa Rufiji, alieleza kuwa Stiegler alikuwa Mjerumani ambaye, yasemekana, aliuawa na tembo hapo mwaka 1907. Tukamuuliza: wazee waliovua hapa kabla yake walipaitaje? Alicheka kidogo, asijibu.

Ujenzi wa bwawa ulianza mwaka 2019, na Desemba 2022 maji yakaanza kujazwa. Leo, juu ya ukuta wa bwawa, korongo limefunikwa na ziwa. Bwawa limepewa jina la Julius Nyerere. Mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Hatuombolezi, kwani mtoto asomaye kwa kibatari hasomi kwa uzuri wa mawe. Lakini lile jina la wavuvi tulipaswa kuliuliza mapema zaidi. Mzee alijuaye bado yu hai, huenda. Na aulizwe, liandikwe.