Usichokiona Ndicho cha Kuogopa

Mpenzi msomaji, bila shaka wakumbuka mkasa wa mwaka 2004 uliotikisa Ukambani. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Kisa na maana? Mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vyema yaliota kuvu, na kuvu hao wakatoa sumu iitwayo aflatoksini. Marehemu hao walikuwa wakila muthokoi wao wa kila siku. Kupika hakukusaidia, kwani sumu hiyo haiishi kwa moto wa jikoni.

Mpwa wangu wa Kitui anasomea biolojia chuoni, naye ana hamu ya kuwachunguza kuvu hao kwa hadubini ya elektroni. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza kuhusu usalama wake. Akacheka: "Mjomba, ile ni mashine ya kutazamia tu!"

Je, msomaji, ni kweli? La hasha! Hadubini hiyo humwonyesha mtu mbegu za kuvu ambazo jicho halizioni, lakini sumu yenyewe haionyeshi. Anayeshika mahindi hayo bila glavu na barakoa huenda akavuta vumbi lenye sumu.

Tena hatari nyingi huwa katika matayarisho. Kemikali iitwayo osmiamu tetroksidi hutumiwa kuimarisha chembechembe kabla ya kutazamwa. Mvuke wake hudhuru macho, hivyo hufunguliwa tu ndani ya kabati maalum linalovuta hewa chafu nje. Naitrojeni ya majimaji nayo, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huunguza ngozi kama moto. Ikivukiza katika chumba kilichofungwa, hewa ya kupumua hupungua na mtu aweza kuzirai bila kunusa lolote.

Basi, wewe mwanafunzi, usile wala kunywa maabarani. Soma maandishi ya kila chupa kabla ya kuifungua. Usifanye kazi peke yako usiku, na usione haya kumwuliza mwalimu. Ukimaliza, nawa mikono.

Nawe mzazi, mwanao anapofungasha sanduku la chuo, mkumbushe Makueni na Kitui. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini nyingi za maabarani zinayo, nayo ni glavu, miwani na subira.