Rafiki Yangu Kaacha Utafiti

Jumapili iliyopita nilimkosea rafiki yangu. Naandika haya kumwomba radhi, na pia kwa sababu jambo lenyewe linatugusa wengi tuliotoka Mlimani na vyeti vya sayansi mkononi.

Tulisoma pamoja. Mimi nikaishia gazetini, yeye akabaki maabara. Akachukua shahada ya uzamili, akaajiriwa kwenye mradi wa utafiti. Umeme ukikatika usiku, alikuwa anatoka kitandani kwenda kuwasha jenereta ili sampuli zake zisiharibike kwenye jokofu. Sasa kaajiriwa na kiwanda cha bia, idara ya ubora. Aliponiambia, nikamwuliza: "Yaani bwana, elimu yote ile unakwenda kuonja bia?"

Hakucheka. Akaniambia mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, kutegemea fedha za wafadhili. Fedha zikiisha, na kazi imekwisha. Ana wadogo zake wawili anaowasomesha. "Kaka, utafiti naupenda," akasema, "lakini ada hailipwi kwa mapenzi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikamkumbuka mtu mmoja. Waliosoma takwimu wanalijua jaribio la t la "Student". Huyo Student jina lake halisi ni William Sealy Gosset, Mwingereza aliyesoma hesabu na kemia Oxford. Mwaka 1899, akiwa na miaka 23, aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Hesabu za wakati ule zilitaka sampuli nyingi, naye kiwandani alikuwa na chache tu. Akatafuta njia yake, akaichapisha mwaka 1908. Leo watafiti wa dawa na wa mbu wanaitumia. Imetoka kwa mtu wa bia!

Lakini kuna upande wa pili. Gosset alitumia jina la bandia kwa sababu mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, siri za kiwanda zisije zikavuja. Hapo ndipo penye gharama. Rafiki yangu hataacha kufikiri kwa kuwa kavaa koti la kiwanda. Ila atakachokigundua huenda kikabaki kwenye faili la kampuni, wewe na mimi tusikisome kamwe. Hasara hiyo ni yetu sote. Mimi nilimlaumu yeye, badala ya kuuliza kwa nini nchi inamsomesha mtafiti kisha inamwachia mfadhili aamue kama mwakani atakuwa na kazi.

Nimemtumia ujumbe wa kumwomba msamaha. Amejibu: "Yameisha, kaka. Njoo siku moja uione maabara. Huku jenereta inajiwasha yenyewe."

Nitakwenda. Na bia nitaonja.