Mwache Aseme "Alikuwaga"

Hebu soma sentensi hizi mbili. "Alikuwa ananipigia kila jioni." "Alikuwaga ananipigia kila jioni." Ya kwanza ni taarifa tu. Ya pili, dada wa watu ameshaachwa.

Hiyo ya pili niliiandika kwenye hadithi yangu ya msichana wa Tunduma anayebadilisha kwacha pale mpakani, na dereva wa lori aliyevukia Nakonde akaenda zake. Mhariri mmoja akanirudishia, kila "-ga" imepigwa mstari mwekundu, pembeni kaandika: "Kiswahili cha bara." Basi bwana, nikamjibu.

Kiswahili sanifu kina "hu-": hunipigia. Nzuri, lakini haibebi mtu wala wakati. Mimi huenda, wewe huenda, wao huenda, yote sawa, na jana haiingii humo. Ukitaka mazoea yaliyokwisha, inabidi uzunguke: "alikuwa akinipigia". Huku Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali utawasikia wanabandika silabi moja tu mwishoni, kazi imekwisha. Wala si huku peke yake, "-ga" utaisikia hadi Mwanza.

Halafu kuna "ka-". Mtu akisema "kanyumba ketu", mimi naona bati chache, kitanda kimoja na watu wawili wanaopendana. Sanifu ni "kijumba chetu", na hapo nasikia dharau kidogo. Ukiteleza ukasema "kinyumba", hayo tena mambo mengine kabisa!

Na mbona watu wa pwani hawaguswi? Shafi Adam Shafi alitoa riwaya yake mwaka 1999 akaiita Vuta N'kuvute, hivyo hivyo kama inavyotamkwa Unguja. Imesomwa mashuleni na hakuna aliyeigeuza iwe "nikuvute". Sababu ni ya zamani: Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji, Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi. Sina ugomvi na Unguja. Ila sitaki kumwandikia dada wa Tunduma barua ya kiofisi halafu niiite mapenzi.

Fujo nayo siipendi. Kuna waandishi wakitaka mhusika wa nyanda za juu wanampachika "l" kwenye kila "r": habali, lafiki, balabala. Hiyo ni komedi. Msomaji anacheka, hasikii tena mtu anasema nini. Mimi nachukua vitu viwili, "-ga" na "ka-", namwachia mhusika. Msimulizi abaki na sanifu yake.

Tena mhusika mwenyewe haongei hivyo kutwa nzima. Dirishani kwa ofisa wa forodha Kiswahili chake kinanyooka kama rula. Jioni akiwa na mama yake "-ga" zinamwagika. Hapo ndipo pa kuchezea, hasa kwenye ugomvi. Katika hadithi yangu, dereva anarudi baada ya miezi minane, kashika khanga mpya, anatabasamu. Dada hamtukani. Anakunja noti zake taratibu, anamtazama, anasema: "Karibu kaka. Ungependa nikuhudumie nini?"

Hata "-ga" moja hakuna.