Granada Bila Ratiba

Tulifika Granada, Uhispania, kwa siku mbili bila ratiba. Tiketi za kuingia makasri ya Alhambra zilikuwa zimekwisha, basi tukaiachia miguu ituongoze. Ikatupandisha Albaicín, mtaa mkongwe wa kilimani, wenye vichochoro vyembamba na nyumba nyeupe zinazoficha nyua zao ndani, mithili ya Mji wa Kale wa Mombasa.

Granada ilikuwa dola ya mwisho ya Kiislamu nchini humo, hadi Januari 1492 Sultani Abu Abdillah Muhammad alipoikabidhi kwa Ferdinand na Isabella. Baadaye misikiti ya Albaicín ikageuzwa makanisa. Ni mwaka 2003 ndipo msikiti mpya ulipofunguliwa mtaani humo, kando ya uwanja wa San Nicolás. Tuliswali Alasiri hapo, kisha tukaketi bustanini mwake. Ng’ambo ya bonde la mto Darro, kuta za Alhambra zilikuwa zikiiva wekundu kwa jua la jioni; na wekundu ndio maana ya jina lake la Kiarabu.

Wageni wengi huenda kutazama athari za waliopita. Sisi tulijaliwa pia kusimama katika safu ya walio hai. Atakayefika huko akakosa tiketi, asiihesabu siku yake kuwa imepotea.