Motokaa ya Marehemu Fundi

Katika mji wa Nakuru yuko mzee mmoja, karani aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi majirani zake walidhani kwamba hapendi motokaa. Alipokuwa kazini alikwenda ofisini kwa miguu, na siku za mvua alipanda matatu. Hata hivyo uani kwake ilisimama Peugeot 404, imefunikwa turubai, juu ya mawe manne, isitembee tangu mwaka wa 1994. Walipomwuliza kwa nini asiwauzie wanunuzi wa vyuma vikuukuu, alijibu kuwa si mali yake, ni ya marehemu baba yake. Walipomwuliza kwa nini basi asiitengeneze, alijibu kuwa yeye ni karani. Majibu hayo mawili hayapatani, mpaka mtu ajue habari za huyo baba.

Baba yake aliingia Nakuru baada ya Vita Vikuu vya Pili, akapata kazi ya kuosha vyuma kwa petroli katika gereji moja. Hakupelekwa shule hata siku moja. Alijifunza ufundi kwa macho na kwa masikio, na zaidi kwa masikio: aliweza kuegemeza ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akatia sikio lake penye mpini, akasema ni valvu gani iliyolegea. Wenye motokaa walimjua, wakamtaka yeye. Lakini hati ya malipo ilipoandikwa, jina lililotiwa chini halikuwa lake, na mshahara wake ulikuwa wa kijana wa spana hata alipokuwa na mvi. Kitabu cha maelezo ya injini kilikaa rafuni mbele ya macho yake miaka yote hiyo, naye hakuweza kukisoma. Jambo hilo lilimuuma kuliko mshahara.

Mwaka wa 1953 yakaanza mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Motokaa zilipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, nazo zilikuwa motokaa kama zilivyouzwa dukani, wala si mitambo ya kutengenezwa kwa mbio. Hapo ndipo penye siri ya mapenzi ya watu wa nchi hii kwa Safari: gari lililoshinda ni lile lile ambalo mwalimu, au mwenye duka, au mkulima angeweza siku moja kulinunua. Fundi hakuyaona mashindano ya kwanza, kwa maana nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakuweza kwenda apendako. Aliziona motokaa zilipoletwa gerejini baadaye, springi zimekatika, matope yamekauka hata juu ya paa. Alisimulia baadaye kwamba alizizunguka kama mtu azungukaye ng'ombe mnadani.

Ikafika Pasaka ya mwaka wa 1965. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, mtoto wa fundi na yeye mwenyewe fundi, aliondoka wa kwanza katika mstari, akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 isiyokuwa mpya, wakarudi washindi. Katika magereji ya Nakuru shangwe ilikuwa kubwa, tena si kwa Makalasinga peke yao. Kila aliyekuwa na oili chini ya kucha aliona kwamba ameshinda mtu wa kazi yake. Joginder alishinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976, watu wakamwita Simba wa Kenya, naye alifariki mwaka wa 2013. Lakini kwa fundi yule hakuna ushindi uliolingana na ule wa 1965.

Mwanawe, karani wetu, alikuwa na umri wa miaka kumi wakati wa Safari ya mwaka wa 1968. Mvua ilikuwa kali mno. Baba alimchukua alfajiri wakasimama kando ya njia ya udongo upande wa Mau, wamejifunika gunia moja. Walingoja muda mrefu, na motokaa zikapita moja moja, nyingine zikisukumwa. Kisha ikaja moja iliyopakwa matope hata rangi yake haikujulikana, lakini baba akaishika bega la mtoto kabla haijatokea kwenye kona. "Hiyo ni 404," akasema. "Sikiliza." Motokaa zaidi ya 90 ziliondoka mwaka huo, zikafika saba tu, na mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff katika Peugeot 404, kama walivyofanya mwaka wa 1963, ambao nao zilifika saba. Miaka ya 1966 na 1967 alikuwa ameshinda Bert Shankland wa Tanzania, kwa 404 vilevile. Si ajabu basi kwamba wakulima na wenye matatu waliitamani Peugeot kuliko motokaa yoyote. Hawakudanganywa na matangazo. Waliiona kwa macho ikitoka katika matope.

Fundi alipata shamba dogo la pareto huko Molo, na kwa fedha za pareto akanunua 404 iliyokwisha tumika. Akajenga kibanda cha mabati uani, na ukutani akaandika kwa chaki tarakimu nne, ambazo rafiki mmoja alimfundisha kuziandika: 1, 3, 4, 2. Huo ndio mfuatano wa kuwaka kwa silinda za injini ile. Mtoto alizijua kabla ya watoto wengine kujua hesabu za kuzidisha. Alijua pia ajabu moja ya Peugeot: silinda ya kwanza si ile iliyo karibu na redieta, kama katika motokaa nyingi za Kiingereza, bali ile ya nyuma kabisa, upande wa klachi. "Mfaransa huhesabu kutoka kwa dereva," baba alizoea kusema.

Mapenzi hayo yangeendelea bila kizuizi, lakini jioni moja, mwezi mmoja kabla ya mtihani, baba alirudi akamkuta kijana chini ya motokaa, mikono yake miwili imejaa grisi. Hakumpiga. Alimpeleka penye karai, akaiosha mikono ile kwa mafuta ya taa na mchanga, kidole kwa kidole, mpaka ngozi ikawa nyekundu. "Nimekuosha mara moja," akasema. "Sitakuosha tena. Mkono huu ni wa kalamu." Kijana alishinda mtihani, akawa karani, na sahihi yake ilitambuliwa na watu wengi kwa miaka zaidi ya thelathini. Hakushika spana mbele ya baba yake tena.

Ni rahisi kumlaumu mzee yule. Ziko jamaa ambazo ufundi wa motokaa umeshuka kama mto usio na kizuizi. Vic Preston alishinda Safari mwaka wa 1954 na wa 1955, na mwanawe mwenye jina hilohilo akawa dereva mashuhuri. Frank Tundo alishindana, na mwanawe Carl akashinda zaidi ya mara moja. Azar Anwar alifuatwa na mwanawe Hamza. Lakini watu hao walirithishana pamoja na usukani jina lililoandikwa juu ya mlango. Fundi wa Nakuru hakuwa na jina lililoandikwa mahali popote. Alichojua ni kwamba masikio yake yamewatajirisha wengine, na hakutaka kumwachia mtoto masikio tu.

Pasaka ya mwaka wa 1994, akiwa kitandani, alisikiliza redioni jinsi Patrick Njiru alivyofika wa nne katika Subaru Impreza. Alitaka arudiwe jina hilo mara mbili. Mvua za mwaka huo hazijaisha, akafariki. Siku ya pili ya matanga mwanawe aliipandisha 404 juu ya mawe.

Sasa yuko mjukuu wa karani, binti wa binti yake, aliyelelewa nyumbani humo. Mashindano ya dunia yalirudi Kenya mwaka wa 2021, baada ya kutoonekana tangu 2002, na mwaka wa 2023 msichana huyo alikwenda Naivasha pamoja na wenzake, akarudi na vumbi katika nyusi na neno moja mdomoni: alitaka kwenda chuo cha ufundi kusomea motokaa. Babu yake, ambaye ndiye angelipa karo, alikuwa amekwisha mchukulia fomu ya masomo ya hesabu za ofisini. Wakabishana siku nyingi. Mzee alitumia maneno ya baba yake neno kwa neno, wala pengine hakutambua. Mwisho msichana akasema, "Guka, nikiiwasha hiyo ya uani, utatia sahihi?" Mzee alikubali upesi, kwa maana alijua motokaa iliyokaa miaka ipatayo thelathini haiwashwi na mtoto wa shule.

Msichana akavua turubai. Aliitia petroli safi, akaazima betri, akasafisha kabureta kwa mswaki. Alipojaribu kuizungusha injini kwa mkono alistaajabu, maana haikuwa imeshika kutu: ilizunguka laini, kama iliyozungushwa juzi. Alipofungua plagi alikuta oili safi juu ya pistoni. Mtu fulani alikuwa akiitia oili miaka yote hiyo, na kuizungusha, pengine usiku. Msichana alitazama barazani, ambako babu yake alikuwa akisoma gazeti, wala hakuuliza.

Alivua nyaya za plagi azisafishe, kisha akazirudisha kwa kufuata chaki ya ukutani, akianzia kwenye redieta. Akapiga stata. Motokaa ikabweka kupitia kabureta, ikatoa moshi, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikaanza kuchoka. Mzee barazani alikuwa amejua tangu mlio wa kwanza. Aliendelea kushika gazeti, lakini hakugeuza ukurasa kwa muda wa nusu saa. Angenyamaza tu, jambo lingekwisha: betri ingekufa, na fomu ya hesabu ilikuwa mezani.

Alikunja gazeti, akateremka uani, akakunja mikono ya shati.

"Umehesabu kutoka wapi?"

"Kutoka mbele, Guka."

"Hiyo ni ya Mfaransa. Hesabu kutoka kwa dereva."

Nyaya zikahamishwa. Mara ya tatu injini ilikohoa, ikashika, uani pote pakajaa moshi wa oili ya zamani, na majirani wakatoka milangoni. Mzee aliomba bisibisi ndefu. Aliegemeza ncha yake juu ya injini, akatia sikio penye mpini, akafumba macho.

"Valvu moja imelegea," akasema. "Silinda ya tatu."

"Ya tatu kutoka wapi, Guka?"

Fomu ya chuo cha ufundi ilitiwa sahihi Jumatatu iliyofuata. Motokaa yenyewe bado iko juu ya mawe, kwa maana matairi yake ya zamani yamepasuka yote manne, na mzee amekataa katakata kununua yaliyokwisha tumika.