Dizeli, Petroli na Vilima vya Ngara

Kwa wanaoikumbuka Murusagamba, wilayani Ngara, katika miaka ya 1980 na 1990, gari lililohesabika kuwa gari la kazi lilikuwa la dizeli. Lori lililopanda vilima kufuata kahawa, basi lililopita alfajiri na kurudi usiku, gari la kuvutia mawe ya ujenzi, yote yalinguruma kwa namna moja na kuacha harufu moja. Leo mwenye kusimama njiani huona zaidi bodaboda, Noah na michomoko, yaani magari madogo ya abiria, na vyote hivyo hunywa petroli. Mjini zimeanza kuonekana pia Toyota Aqua na Prius za haibridi, zinazotumia petroli pamoja na umeme. Watu wengi hueleza mabadiliko haya kwa neno moja, bei: kwamba petroli ilishuka au dizeli ilipanda. Mimi sikubaliani nao. Ninavyoona, aina ya mafuta tunayochoma Ngara imeamuliwa na mambo mawili, yaani mzigo tulio nao na magari ambayo wengine wameyachoka. Na hata swali la lipi linabana mafuta au lipi linachafua hewa halina jibu mpaka uulize kwanza limebeba nini.

Tuanze na sababu ya dizeli kutawala. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hugandamiza hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe, na mgandamizo huo mkubwa ndio unaotoa kazi nyingi zaidi katika kila tone. Lita moja ya dizeli pia ina nishati inayozidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia kumi. Kwenye mwinuko na mzigo mzito, tofauti hizo huonekana wazi. Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi na kambi ya Benaco kufurika, wilaya ilijaa malori ya chakula na Land Cruiser za mashirika. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye lita 4.2 na iliyoanza kutumika mwaka 1990, haikuwa na kompyuta wala tabo. Fundi wa kijijini aliweza kuifungua chini ya mwembe. Katika barabara za udongo za upande wa Rulenge, Bugarama na Murusagamba, sifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko takwimu yoyote ya kiwandani.

Kilichofuata kilianzia mbali. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, aliinua mbele ya waandishi wa habari chupa yenye masizi ya dizeli na kutangaza vita na moshi huo. Oktoba 2003 mji wake na mikoa jirani ikapiga marufuku magari ya dizeli yasiyotimiza viwango. Wajapani wakaacha karibu kabisa kununua magari madogo ya dizeli. Kwa kuwa Tanzania huvaa kilichovuliwa Japani, miaka kadhaa baadaye bandari ya Dar es Salaam ikajaa magari madogo ya petroli: IST, Noah, Probox. Kodi yetu nayo ikasukuma upande huohuo, maana ushuru wa bidhaa kwa gari dogo hupimwa kwa ukubwa wa injini: lisilozidi sentimita za ujazo 1,000 halitozwi, la hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na la zaidi ya hapo asilimia 10. Bodaboda zikamalizia kazi, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuziruhusu kubeba abiria kisheria. Bei haikuwa dereva wa safari hii. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine, ilifika miezi ambayo dizeli iliuzwa ghali kuliko petroli katika bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, lakini hakuna mwenye lori aliyebadili injini.

Sasa tupige hesabu kwa makadirio ya kawaida ya barabarani. Land Cruiser ya dizeli hunywa lita 13 hivi kwa kilomita 100, IST lita 7, bodaboda lita 2 na nusu. Ukiishia hapo, bodaboda imeshinda. Lakini Land Cruiser ikipakia watu kumi, kila mmoja ameangukiwa na lita 1.3, IST yenye abiria wanne, lita 1.75, na abiria wa bodaboda, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na safari, amebeba lita zote 2 na nusu. Basi lenye watu hamsini linalokunywa lita 30 linawaacha wote mbali, kwa lita 0.6. Lita ya dizeli hutoa hewa ya ukaa kilo 2.7 hivi na ya petroli kilo 2.3, tofauti isiyotosha kuupindua mpangilio huo. Kinachoupindua haraka ni viti vitupu. Land Cruiser hiyohiyo ikimpeleka ofisa mmoja na dereva wake mkutanoni, ni ya mwisho kabisa katika orodha.

Atakayepinga atasema nimesahau moshi, na hoja yake ni nzito. Hewa ya ukaa hupasha dunia joto, lakini masizi huingia mapafuni, na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Hata hivyo, moshi wa leo si wa zamani. Risasi iliondolewa kwenye petroli Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na kuanzia 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa ya dizeli isizidi sehemu 50 katika milioni. Wingu jeusi tunaloliona lori linapopanda kilima kwa kawaida lina maana kwamba mafuta yamezidi hewa: nozo zimechoka, au chujio la hewa limeziba kwa vumbi jekundu. Uchakachuaji nao uliua pampu nyingi wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, mpaka serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta hayo ya taa mwaka 2011. Na petroli isijitakase: gari lililong'olewa masega ya kusafishia moshi kwenye bomba lake, yakauzwa kwa ajili ya madini yaliyomo, hutoa sumu ambayo macho hayaioni.

Vipi haibridi, basi? Prius ilipotoka Japani mwaka 1997 ilileta akili mpya: nguvu inayopotea wakati wa kufunga breki inarudishwa kwenye betri. Kwenye foleni za Dar es Salaam faida yake ni kubwa. Kwenye vilima vyetu mtu angetarajia makubwa zaidi, kwa kuwa kila mteremko ni breki; ila betri ya gari hilo ni ndogo, hujaa kabla mteremko mrefu haujaisha, na kinachobaki hupotea kama kawaida. Tena gari lenyewe liko chini, na makorongo ya masika hayalihurumii. Kwa hiyo sioni haibridi ikichukua kazi ya lori wala ya Land Cruiser. Ninachotazamia zaidi ni pikipiki ya umeme, ambayo Kigali wanaitumia kwa kubadilishiwa betri vituoni, hasa kwa kuwa maporomoko ya Rusumo sasa yanazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Safari fupi yenye mzigo mwepesi ndiyo inayoufaa umeme, na petroli ya kupimwa kwa chupa kando ya njia ndiyo ghali kuliko zote.

Kodi ya ukubwa wa injini inaadhibu gari lililojaa wagonjwa kumi sawasawa na lililobeba mtu mmoja, na haiuulizi moshi chochote. Ingefaa sehemu ya ushuru huo ihamie kwenye ukaguzi wa moshi wa kila mwaka, na magari ya kubeba watu wengi vijijini yapunguziwe. Halmashauri nayo inaweza kuanza leo bila sheria mpya: kabla gari la ofisi halijatoka Ngara mjini kwenda Murusagamba, ijulikane linakwenda na watu wangapi.